Kiwiko kilichosagika uzeeni: vyuma au kiwiko bandia?

Mtu wa miaka 75 akianguka na kusaga ncha ya chini ya mfupa wa mkono wa juu, vipande vikiingia hadi ndani ya kiungo, jibu la mazoea ni kumwekea vyuma: mabamba mawili, skrubu nyingi, vipande vikirudishwa kimoja kimoja. Kiwiko bandia hutajwa mwishoni, kana kwamba ni kukiri kushindwa. Kwa rika hilo, mpangilio huo hauna msingi.

Jaribio linalotajwa zaidi ni la Kanada, lililoongozwa na Michael McKee na kuchapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 42 wa umri unaozidi miaka 65 waligawanywa kwa kura. Baada ya miaka miwili, alama za Mayo za utendaji wa kiwiko, ambazo kilele chake ni 100, zilikuwa 86 kwa wenye kiwiko bandia na 73 kwa wenye vyuma. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali, lakini iliyo nzito zaidi ni nyingine: kati ya waliopangiwa vyuma, watano walibadilishiwa njia wakiwa tayari mezani, kwa kuwa mfupa ulivunjika vipande vingi mno kufungwa kwa uimara. Takriban robo ya kundi, tena katika mikono yenye uzoefu.

Maana yake si ndogo. Wale 15 waliobaki na vyuma ni wale ambao mifupa yao ilikubali kufungwa. Visa vigumu vilihamia upande wa pili, na bado upande huo ukaongoza. Vilevile, picha za awali, hata za CT, hazitoi hakika kama skrubu zitashika. Anayeanza na vyuma bila kuwa na kiwiko bandia tayari chumbani anacheza bahati nasibu kwa mkono wa mtu mwingine. Kisha kuna suala la msumeno. Ili kuuona uso wa kiungo, wapasuaji wengi huikata ncha ya nyuma ya kiwiko na kuifunga tena mwishoni. Ikishakatwa, ulna (mfupa wa mkono wa chini ulio upande wa kidole kidogo) inayotakiwa kubeba shina la kiungo bandia imeshadhoofishwa. Ni heri kupita pembeni mwa traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ukiiacha imeshikamana na mfupa, kuitafuta na kuilinda neva ya ulna, kuvikagua vipande, na kuamua hapo.

Bawaba, yaani kiwiko bandia cha aina ya Coonrad-Morrey, haihitaji vipande hivyo wala kano za pembeni. Vilivyosagika hutolewa, mashina mawili hukazwa kwa saruji ya mifupa, na pini huyaunganisha. Bawaba hucheza nyuzi chache kushoto na kulia ili nguvu zote zisiishie kwenye saruji. Mgonjwa huanza kukunja mkono mapema. Vyuma visivyoshika vizuri humlazimisha mpasuaji kuongeza plasta, na kiwiko kikifungwa kwa wiki kadhaa hukakamaa.

Upande wa pili una hoja nzito, na ya kwanza ni uzito wenyewe. Kanuni ya kawaida ni kutonyanyua zaidi ya kilo 4.5 kwa mara moja, au kilo 1 kwa kurudiarudia, maisha yote. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Kwa mkulima wa miaka 50, vyuma hata vikiacha kiwiko kisichonyooka sawasawa ni bora kuliko bawaba itakayolegea. Kisha kuna maambukizi: hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilipofuatilia viwiko bandia 44 vya majeruhi kwa zaidi ya miaka 10, vitano vilipata maambukizi ya ndani. Kung'oa saruji kutoka kwenye ulna nyembamba kunaweza kuipasua. Aliyeshindwa na vyuma bado anaweza kupewa bawaba. Aliyeshindwa na bawaba hana mfupa wa kurudia kwenye vyuma.

Wapinzani pia husema, kwa haki, kwamba kwenye dodoso la DASH, ambalo wagonjwa hujieleza wenyewe, tofauti ya makundi ya Kanada ilikuwa imefifia baada ya mwaka. Lakini katika wiki ya sita ilikuwa 43 kwa wenye kiwiko bandia dhidi ya 77 kwa wenye vyuma, na kadiri alama inavyoshuka ndivyo hali ilivyo bora. Mtu wa miaka 80 anayesubiri mwaka mzima ili ajilishe na kujiosha mwenyewe hajapoteza kitu kidogo.

Kwa aliye dhaifu mno kupasuliwa, kitambaa cha shingoni na mazoezi ya mapema si kumtelekeza. Na kama jeraha liko wazi na chafu, bawaba isiingie siku hiyo: safisha, tuliza kiwiko kwa bandeji ngumu, ngoja ngozi itulie. Mwenye baridi yabisi iliyokwishakula kiungo kabla ya ajali ndiye asiye na sababu ya kujaribiwa mabamba kwanza.