Kabla Hujatuma Pesa ya Gari, Mpeleke Fundi Akalitazame

Saa nne usiku shemeji yangu wa Chwele alinitumia picha tisa za gari. Jeupe, linang'aa, tairi zimepakwa dawa zikawa nyeusi tititi. "Shemeji, unalionaje hili? Mwenye yadi anasema nikituma nusu kesho asubuhi, ataniwekea." Nikamwuliza swali moja: ni nani amelala chini yake na tochi? Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Liko Mombasa."

Simlaumu. Mkopo wa Sacco ukishaingia kwenye akaunti, hofu huingia nao. Karo inakuja, matanga hayapigi hodi, na mtu anaona heri anunue leo kabla pesa hazijayeyuka. Wauza magari wanaijua hofu hiyo vizuri sana. Ndiyo maana kila gari linalouzwa lina mteja mwingine anayekuja kesho asubuhi.

Msimamo wangu ni huu: mtu wa kwanza kushauriwa ni fundi atakayelishika gari hilo hapa nyumbani kwa miaka kumi ijayo. Mwenye yadi, dalali na jirani mwenye gari kama hilo watafuata baadaye. Mshirikishe fundi kabla hujachagua hata aina ya gari. Mlipe siku yake, mlipie nauli na chakula. Gharama hiyo ni ndogo kuliko tairi moja.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu gari langu la kwanza nililinunua kwa picha. Lilifika Kisumu likiwa safi mpaka majirani wakaja kunipongeza. Wiki ya tatu, tukiwa watu wanne ndani, tukaanza kupanda Riat kuelekea Kakamega. Injini ikapiga kelele, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini gari lenyewe likabaki linatambaa kama limefungwa kamba nyuma. Kisha taa ikawaka kwenye dashibodi. Lilikuwa na giaboksi ya CVT, ile inayotumia mkanda badala ya kubadilisha gia kwa hatua.

Fundi wangu wa Kibuye aliifungua mbele ya macho yangu. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa, yananuka kuungua. Ndani ya bakuli la chini la giaboksi hukaa kisumaku kidogo cha kunasa vumbi la chuma. Akakitoa, akakipangusa kwa kidole, kidole kikatoka kijivu, na ndani ya ule ujivu mlikuwa na vipande vidogo vinavyometameta. "Mwalimu," akaniambia, "hapa mtu alitia mafuta ya giaboksi ya kawaida. CVT haitaki hayo. Ungeniita siku ile, ningeyanusa tu ningejua." Giaboksi nyingine ilinila karibu robo ya bei niliyonunulia gari.

Sisemi CVT ni mbaya. Magari mengi madogo ya Japani tunayoendesha hapa, Nissan Note, Honda Fit, Fielder na Axio za karibuni, yana giaboksi hizo na yanakwenda vizuri yakitunzwa. Ila lazima ujue nani katika mji wako ana mafuta yake halisi na nani amewahi kuifungua akaifunga ikafanya kazi. Ni vivyo hivyo kwa magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli pamoja na umeme. Kuna wanaofurahia Toyota Aqua kwa jinsi isivyokunywa mafuta, na wana haki. Lakini betri yake kubwa ikichoka ukiwa Webuye, utampelekea nani? Na ile Mazda Demio ya dizeli, usiinunue kama safari zako ni za kutoka nyumbani kwenda shule na kurudi. Chujio lake la masizi hujisafisha ekzosi ikipata moto mkali wa safari ndefu. Safari fupi fupi za kila siku hulijaza masizi mpaka injini inakosa nguvu.

Watu huicheka Toyota Probox, ile ya kubebea mizigo. Mimi siicheki. Nenda Siaya, nenda Kisii, nenda njia za Busia, uone inavyobeba. Kila fundi anaijua, spea zake ziko kila mahali, hata pale ambapo duka la spea ni kontena moja kando ya barabara. Gari unaloweza kulitengeneza Jumapili jioni ukiwa Ahero ni gari zuri, hata kama halipendezi kanisani.

Barabara yako nayo ina neno. Shemeji yangu akitoka lami ana kilomita nne za marramu, na mvua ya Aprili huigeuza kuwa mtelezo. Anayeishi uwanda wa Kano anaujua udongo mweusi unavyonata. Gari lililo chini chini, hata likiwa na injini ya malaika, litaacha bampa huko. Pima uwazi ulio kati ya tumbo la gari na ardhi kabla hujapima ukubwa wa skrini yake. (Redio zenyewe zikitoka Japani zimepangwa kwa masafa ya FM ya kule, kuanzia 76 mpaka 90 au zaidi kidogo, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazishiki mpaka fundi aongeze kifaa. Hilo ni jambo dogo, lisikuzuie.)

Sasa, kuagiza mwenyewe kutoka Japani. Wengi wananiuliza kama ni nafuu. Inaweza kuwa, ila hesabu inachenga watu kwa sababu wanatazama bei ya tovutini na kusahau kwamba serikali nayo ni mnunuzi mwenzao. Chukua gari ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 1,000,000, lenye injini isiyozidi 1500cc. Kwa viwango vya mwaka 2025, ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, yaani 350,000. Juu ya jumla hiyo unalipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, ambao ni 270,000. Juu ya hayo yote VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, ambayo ni 259,200. Ongeza ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2, zote zikihesabiwa kwa thamani ile ya kwanza. Jumla inafika 924,200. Kodi inakaribia thamani ya gari lenyewe. Injini ikizidi 1500cc, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 25 na jumla ya kodi inavuka milioni. Ile Premio ya 1800cc unayoitamani kuliko ya 1500cc, tofauti yake inaanzia hapo hapo bandarini.

Tena thamani hiyo haitoki kwenye risiti yako. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inaipunguza kulingana na umri wa gari, kisha inahesabu kodi. Umelinunua kwa bei ya kutupa? Hongera, lakini kodi itafuata orodha. Kwa hiyo tafuta hesabu ya kodi kwanza, kwa modeli ile ile na mwaka ule ule, ndipo uangalie bei ya muuzaji. Na bei ya muuzaji iwe ile inayojumuisha meli na bima mpaka Mombasa. Baada ya hapo bado kuna wakala wa forodha, gharama za bandari, usajili, bima, na mafuta ya kulileta mpaka huku kwetu.

Kuhusu umri, sheria ya miaka minane haina huruma. Mwaka 2025 lililoruhusiwa ni gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye, na kila Januari mstari unasogea mwaka mmoja. Ukiagiza Novemba gari lililo ukingoni, meli ikichelewa, umeingia matatani. Usukani uwe kulia, na gari liwe na cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya kupakiwa melini, kinachokubalika na KEBS, shirika letu la viwango.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na mkaguzi wa kule huandika ukweli wake kwenye ukurasa mmoja: alama ya jumla, kilomita zilizosomwa siku hiyo, na mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni pahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa kasoro. Gari lenye 4 au 4.5 kwa kawaida ni zuri. Ukiona R au RA mahali pa alama ya jumla, gari hilo lilipata ajali likatengenezwa. Si lazima ulikatae, lakini bei yake isiwe ya gari zima. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, mwambie hata pesa zako zimepotea. Na kilomita za kwenye karatasi zikiwa 112,000 wakati dashibodi inasoma 64,000, huna la kujadili naye.

Ukinunua lililokwisha tumika hapa nchini, kazi kubwa ni ya macho na pua. Tazama mpira wa pedali ya breki: ukiwa umelika mpaka chuma kinachungulia, kilomita 60,000 za dashibodi ni uongo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, maana hapo chini ndipo matope ya mafuriko hujificha hata zulia likioshwa. Liwashe asubuhi likiwa baridi, usikubali ulikute limeshapashwa moto. Lipandishe mlima. Kisha liinuliwe, fundi aingie chini atazame kutu kwenye chesisi, bushi, mpira wa ekseli uliopasuka, na dalili za kuchomelewa.

Makaratasi ni hivi: nenda eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, ufanye utafutaji wa gari hilo mwenyewe, kwa simu yako, usitumiwe picha ya matokeo. Jina liwe la huyo aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake. Jina la benki au la kampuni ya mikopo likiwemo, gari bado lina deni, na wenye deni watakuja kulichukua kwako. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyoandikwa. Na umiliki uhamishwe siku ile ile pesa zinapohama. Nimeona mwenzetu wa shuleni akimtafuta muuzaji miaka miwili ili amhamishie gari, huku analiendesha kwa jina la mtu asiyemjua.

Jambo la mwisho nililomwambia shemeji ndilo lililomkera zaidi. Nilimwambia katika ule mkopo wake atenge laki moja asiziguse. Gari lolote lililotumika likifika nyumbani huomba kitu: betri, tairi mbili, oili zote, pedi za breki. Asiye na akiba huahirisha, na kinachoahirishwa kwenye breki unakijua mwenyewe ukiteremka kutoka Kericho kuja Awasi ukiwa na watoto nyuma.

Lile jeupe la Mombasa amelikosa. Yule mwenye yadi aliuliza mara mbili, kisha akakoma kupiga simu. Kuna mwalimu mmoja wa Nakuru anauza Fielder ya 2012, ameendesha mwenyewe miaka saba, na amekubali liinuliwe kwa jeki. Jumamosi tunaondoka Kisumu na matatu ya saa kumi na moja alfajiri, mimi, shemeji na fundi wa Kibuye. Fundi amesema atabeba tochi yake mwenyewe, na amemwomba yule mwalimu asiliwashe gari mpaka tufike.