Maji ya mgeni mmoja hulipiwa mara tatu

Mtajie mwenye hoteli wa Mwanza uhasibu wa mazingira, yaani kuandika vitabuni gharama za maji, nishati na taka, naye ataona mti unaopandwa mbele ya kamera na cheti kilichotundikwa mapokezi. Simlaumu, maana ndivyo alivyouziwa: semina, bango la kijani, kisha ankara ya mtoa cheti. Wageni wake wa Jumatatu ni maofisa waliokuja kwenye warsha ya siku tatu, mfanyabiashara wa dagaa, na fundi wa mgodini aliyetoka Geita. Hao huuliza kama kuna pa kuegesha gari, kama risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itatoka, na kama chai imo kwenye bei ya chumba. Habari za kaboni si zao.

Wanaokataa uhasibu huo wana hoja nzito zaidi ya hiyo ya wageni kutojali. Tukiambiwa kwamba hoteli zinazotunza hesabu za mazingira hupata faida kubwa, inafaa tuulize kipi kilitangulia. Hoteli iliyokwisha kupata faida ndiyo yenye fedha za kumwajiri mhasibu wa pili. Huenda faida ndiyo iliyozaa daftari. Na hoteli ya vyumba thelathini, ambako mhasibu ndiye keshia na jioni ndiye mnunuzi wa sato sokoni, haiwezi kubebeshwa ripoti zilizobuniwa kwa ajili ya makampuni yaliyo kwenye soko la hisa. Viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, vilivyotolewa Juni 2023, viliandikwa kwa wawekezaji wakubwa. Hapo wana haki kabisa.

Ila wanachokikataa ni ripoti, na mimi nazungumzia daftari la gharama za hoteli yenyewe.

Chukua mgeni mmoja anayeoga. Dakika saba chini ya shawa inayotoa lita tisa kwa dakika ni lita 60 na ushee. Kuyatoa maji hayo nyuzi 25 hadi 40 kunakula takribani uniti moja ya umeme. Hiyo ni fizikia ya sekondari, haibishaniwi. Bei ya kawaida ya TANESCO, shirika la umeme, ni shilingi 292, na ukiongeza VAT na makato ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na REA (wakala wa nishati vijijini), uniti inafika kama 356. Ni bei ya andazi, nani atahangaika nayo? Sasa weka vyumba thelathini, nusu tu vina watu, kila mgeni anaoga asubuhi na jioni. Kwa mwaka ni karibu shilingi milioni 3.9 za kupasha maji ya kuoga peke yake, kabla hujagusa jiko wala kufua mashuka.

Halafu kuna kinachonikera zaidi. Maji yale yale yalikwisha kulipiwa yalipoingia, kwa ankara ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Na yatalipiwa tena yakitoka, kwa sababu hoteli nyingi haziko kwenye mtandao wa majitaka, na huu ni mji wa mawe: shimo la majitaka lililochimbwa juu ya mwamba halinyonyi vizuri. Mara hizo thelathini za kuoga kwa siku ni lita 1,800 na ushee. Zisiponywewa na ardhi, zinajaza gari la kunyonya majitaka la lita 10,000 katika siku zisizotimia sita. Lita moja, malipo matatu. Kwenye vitabu ankara ya kwanza imeandikwa maji, LUKU imeandikwa umeme, na gari la majitaka, kila nilipochungulia, limefichwa kwenye matengenezo, jirani na balbu na rangi ya ukuta. Hakuna anayezijumlisha, hivyo hakuna anayejua mgeni mmoja anagharimu nini kwa kuoga tu. Badilisha kichwa cha shawa kiwe cha lita sita kwa dakika, na theluthi inaondoka pande zote tatu kwa mkupuo. Kwenye umeme pekee ni milioni 1.3.

Kwangu mimi uhasibu wa mazingira ni huo: kuiita gharama kwa jina lake na kuiweka karibu na ndugu zake. Hata wenye biashara wenyewe wameliona hilo. USALI, mwongozo wa hesabu za hoteli uliotoka mara ya kwanza New York mwaka 1926, katika toleo lake la 12 umeweka nishati, maji na taka kwenye jedwali moja. Hawakusukumwa na mapenzi ya miti, nadhani.

Pale ambapo wapinzani wananibana kweli ni ziwani. Daftari linaona kilicho na ankara. Majitaka yanayoingia Mto Mirongo na kuishia Ziwa Victoria hayana ankara. Virutubisho vyake vinalisha magugu maji, kero iliyo nasi tangu miaka ya 1990 inaanza, na anayelipa ni mvuvi anayehangaika kupitisha mtumbwi, pamoja na mamlaka inayosafisha maji yanayovutwa pale Capri Point. Kwenye vitabu vya hoteli, gharama hiyo ni sifuri. Hoteli inaweza kupunguza bili, ikapata tuzo ya usimamizi bora, na ziwa lisipate nafuu yoyote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini mita 60 hazimzuii mtu mwenye bomba refu.

Hata hivyo sifuri hiyo isitufanye tuitupe kalamu. Gari la majitaka hulipwa kwa tripu. Hoteli inajua lilijaza saa ngapi na dereva alichukua kiasi gani. Lilikomwaga haijui, na sijawahi kuona vocha inayouliza. Mabwawa ya kutibu majitaka yako Butuja, Ilemela, na kutoka upande wa pili wa jiji ni safari inayokula dizeli. Vocha ikiongezewa safu moja, "imemwagwa wapi", pamoja na saini ya aliyepokea, haitataja bei ya ziwa. Lakini dereva aliyezoea njia ya mkato itabidi atafute pa kupata saini hiyo.