Chumba cha Mama Kisiwe Uani

Katika maeneo yanayojengeka upya ya Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Kinyerezi na Kigamboni, nyumba za ghorofa zimekuwa nyingi, na ramani zake hufanana sana: chini ni sebule, jiko na choo cha wageni, juu ni vyumba vyote vya kulala. Anayejenga huwa bado kijana au mtu wa makamo, magoti yake yanamtii, na mzazi wake yuko Lushoto au Songea akiendelea na shamba lake. Miaka inapita, mzazi analetwa mjini kwa ajili ya kliniki ya presha au sukari, na hapo familia inagundua kwamba nyumba nzima haina pa kumlaza mtu asiyeweza kupanda ngazi. Kinachofuata tumekishuhudia wengi wetu: mama anapewa chumba cha banda la uani, kilichojengwa kwa ajili ya msaidizi wa kazi, kwa kuwa ndicho pekee kisicho na ngazi.

Siwalaumu watoto hao kwa kukosa upendo, kwani wengi wao ndio wanaolipa dawa na kuamka usiku mzazi anapoita. Lakini uamuzi wa kumlaza uani haukufanyika siku aliposhuka kwenye basi. Ulifanyika siku mchoraji alipoulizwa sebule iwe na ukubwa gani na hakuna aliyemuuliza mzee atalala wapi. Maoni yangu ni kwamba kila nyumba ya familia, iwe ya ghorofa au ya chini, iwe na chumba kimoja cha kulala kilicho sawa na usawa wa sebule, chenye choo chake na mlango mpana, hata kama kwa sasa kitatumiwa na wageni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitazama familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya wazee, na familia haiwezi kutunza vizuri ndani ya jengo linalompinga anayetunzwa.

Nyumba zetu za zamani za Magomeni, Ilala na Temeke, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zilimweka mzee barazani, akasalimiwa na kila mpita njia, na vyumba vyote vilikuwa chini. Hata hivyo nisizisifu kupita kiasi, maana choo kilikuwa uani, na kukifikia usiku wa mvua za masika kwa mtu mwenye mkongojo ni jambo ambalo halistahili kutamaniwa na yeyote.

Watu wanaposikia habari za nyumba rafiki kwa wazee hufikiria kwanza mteremko wa kitimwendo pale mlangoni. Mimi ningeanza na choo. Fundi akiachiwa uamuzi, fremu ya mlango wa choo huwa ya futi mbili na nusu. Ukiondoa unene wa mbao pande zote mbili, inabaki nafasi ya takriban sentimita 65, ilhali vitimwendo vingi vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70. Kwa hiyo mzee anayefikishwa mlangoni kwa kitimwendo hulazimika kunyanyuliwa na kubebwa kifuani na mjukuu, tena akiwa nusu uchi. Mlango huohuo kwa kawaida hufungukia ndani, na mtu akianguka nyuma yake, mwili wake unakuwa ndio kizuizi, na walio nje hawawezi kuusukuma bila kumuumiza. Kuufanya ufungukie nje ni suala la kuhamisha bawaba na komeo.

Ndani ya choo, adui ni maji. Sisi hujisafisha kwa maji, hutawadha, huoga kwa ndoo na kopo, na sakafu hukauka kwa nadra, kisha tunaitandaza marumaru zinazong'aa kwa sababu dukani zilipendeza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na walio wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Marumaru zenye mparuzo zinauzwa katika maduka yaleyale. Pembeni ya choo cha kukaa panahitajika bomba imara la kujishikia, na uimara wake unategemea ukuta: boliti zilizoshika plasta peke yake zitang'oka siku mzee atakapoliegemea kwa uzito wake wote. Fundi aambiwe mapema ajaze zege sehemu hiyo, na kibao cha kuanikia taulo kisihesabiwe kuwa bomba la kujishikia, ingawa ndicho mkono utakachokidaka kwanza.

Sasa mteremko. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Msingi ulioinuliwa kwa ngazi tatu za sentimita 15 unadai mteremko wa mita 5.4, na kwenye kiwanja kidogo hesabu hiyo inakatisha tamaa. Wala siwezi kumwambia anayeishi karibu na bonde la Msimbazi ashushe msingi wake, kwa kuwa anajua maji hufika wapi. Kinachowezekana ni mteremko kuufuata ukuta wa pembeni na kuingilia mlango wa jikoni, au kujaza kifusi kuanzia getini ili ua wenyewe upande taratibu. Vituo vya mwendokasi, vinavyotumika tangu mwaka 2016, vimejengwa sakafu yake ilingane na ya basi, kwa hiyo ufundi huu haujatushinda.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasisitiza kufikika kwa majengo yanayotumiwa na umma. Nyumba binafsi imebaki mikononi mwa mwenyewe. Kwa bahati nzuri wengi wetu tunajenga kwa awamu, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mwenye boma ambalo halijapauliwa bado anaweza kupanua uwazi wa mlango kabla fremu haijawekwa, kwa gharama ya tofali chache na siku moja ya fundi.

Mpangaji ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu ukuta si wake. Hata hivyo bomba la kujishikia na bawaba zilizohamishwa huondolewa au kurudishwa anapohama, na matundu huzibwa kwa saruji. Ningeshauri ombi hilo lipelekwe kwa mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, wakati neno la mpangaji bado lina uzito.