Ukimfukuza mbia, mlipe fungu lake zima

Juzi niliitwa barazani hapa Tanga, Ngamiani barabara ya 12, na mzee mmoja niliyewahi kumfanyia mahesabu miaka ya nyuma. Nilimkuta ameshika bahasha ya kaki, kahawa yake imepoa haijaguswa. "Mgosi, hebu nisomee hii. Mimi naona tarakimu tu."

Ilikuwa ripoti ya mthamini. Mzee ana asilimia 30 ya kampuni ya malori aliyoianzisha na kaka zake wawili. Wanabeba mawe ya chokaa na kokoto kutoka Pongwe. Walikosana. Wakamwondoa ukurugenzi, wakabadilisha watia saini wa benki, na siku moja akakuta getini mlinzi asiyemfahamu. Kesi ikaenda mahakamani, na sasa kaka zake wako tayari kununua hisa zake ili yaishe.

Kampuni nzima imethaminiwa shilingi milioni 600. Asilimia 30 ni milioni 180, hata mtoto wa darasa la tano anapata. Chini yake ukafuata mstari mmoja mfupi: "punguzo la hisa za wachache, asilimia 40". Zikabaki milioni 108.

Hizo milioni 72 zimekwenda wapi? Zimebaki kwa kaka zake. Wakishamlipa, watamiliki kampuni ile ile ya milioni 600, malori yale yale, yadi ile ile, bila mtu wa kuwauliza swali.

Simwiti mthamini mwizi. Sokoni hesabu yake ina mantiki. Nani atanunua asilimia 30 ya kampuni ya ndugu? Huteui mkurugenzi, huamui gawio, na kwa kawaida katiba ya kampuni za namna hii inawaruhusu wakurugenzi kukataa kukusajili. Lazima bei ishuke. Lakini mzee hakwenda sokoni. Alitolewa, na wanunuzi ndio hao hao waliomtoa.

Kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kinampa mwanahisa aliyeonewa nafasi ya kuiomba mahakama imtendee haki, na moja ya amri inazoweza kutoa ni hisa zake zinunuliwe na wanahisa wenzake au na kampuni yenyewe. Bei ipatikane vipi, kifungu hakikutoa kanuni. Ndipo mawakili wanapokimbilia maamuzi ya Uingereza, ambayo hayatufungi ila husikilizwa. Kule, katika kesi ya Bird Precision Bellows ya miaka ya 1980, mahakama ilisema kampuni ikiwa kwa hakika ni ubia wa watu walioaminiana, aliyefukuzwa bila kosa alipwe fungu lake kwa uwiano, pasipo punguzo. Mwaka 1999, katika O'Neill dhidi ya Phillips, jaji Lord Hoffmann akafuata njia hiyo hiyo alipoeleza ofa ya haki kwa kawaida inavyokuwa.

Na ugomvi wenyewe si mgeni duniani. Ebrahimi na Nazar walikuwa wauza mazulia London. Mwaka 1958 wakaugeuza ubia wao kampuni, akaingizwa mtoto wa Nazar, na mwaka 1969 baba na mwana wakamtoa Ebrahimi ukurugenzini. Faida yote ilikuwa ikilipwa kama ujira wa wakurugenzi, gawio hakuna, kwa hiyo alibaki na hisa zisizomletea hata senti. Badilisha mazulia uweke kokoto, uko Tanga.

Aliyenunua hisa chache kwa bei ya kutupa, akakaa kusubiri zipande, huyo akikatwa punguzo simlilii. Alizinunua na punguzo hilo hilo.

Ila ukweli ni kwamba punguzo halikuniudhi kama ile milioni 600 yenyewe. Nikarudi kurasa za nyuma. Tangu mzee atolewe, mishahara ya wakurugenzi wawili waliobaki imepanda karibu mara mbili, na malori mawili yanakodishwa kwa kampuni ya mtoto wa mmoja wao kwa bei ya kirafiki. Faida ikashuka, na mthamini akaipigia hesabu faida hiyo iliyoshuka. Alipaswa kurudisha mishahara na bei ya kukodisha malori kwenye kiwango cha kawaida kwanza, ndipo athamini. Mahakama pia inaweza kuchagua thamani ihesabiwe kwa tarehe ya nyuma, kabla mambo hayajaharibiwa. Ningekuwa wakili wake, ningeanzia hapo kabla hata ya kugusa ile asilimia 40.

Yadi nayo imo kwenye mizania kwa bei ya kununulia, si ya leo. Nikamwonyesha tarakimu kwa ncha ya kalamu.

Mzee akacheka mpaka muuza kahawa akageuka. "Hiyo? Hiyo wala si bei tuliyonunulia. Tuliiandika pungufu, kwa sababu ya kodi."

"Nani aliandika?"

Akanyamaza kidogo, akaivuta kahawa yake ya baridi. "Mimi."