Simu Haijakwama

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye teksi Barabara ya Ngong, Nairobi, foleni imelala pale Adams Arcade, na dereva akaniruhusu niunganishe simu yangu na redio yake. Nikaweka "Let It Happen" wa Tame Impala. Dakika za mwanzo alikuwa akitikisa kichwa, vidole vikigonga usukani. Wimbo ulipofika katikati, kipande kidogo kikaanza kujirudia, tena na tena, kama sidii yenye mkwaruzo.

"Bosi, simu yako imekwama," akasema, akaanza kubonyezabonyeza redio.

Sikumlaumu. Siku ya kwanza kuusikia, mimi mwenyewe nilichomoa spika za masikioni nikazipuliza.

Wimbo huo ndio unaofungua Currents, albamu yao ya tatu, iliyotoka Julai 2015. Nikisema "yao" nakosea kidogo. Jukwaani Tame Impala ni bendi, lakini studioni ni Kevin Parker peke yake, na albamu hii aliitengeneza nyumbani kwake Fremantle, Australia ya Magharibi: ndiye mtunzi, mpigaji, mrekodi na mchanganyaji wa sauti. Albamu mbili za kwanza, za 2010 na 2012, zilijaa magitaa yenye mwangwi na vumbi. Kwenye hii ya tatu vinanda vya umeme vikapewa kiti cha mbele, na besi ikawa ya kuchezeka.

Rafiki yangu mmoja, shabiki wa roki wa kufa na kuzikana, mpaka leo hajamsamehe Parker. Anasema jamaa aliuza gitaa akanunua disko. Mimi humjibu kwa mugithi, muziki wa gitaa wa Wakikuyu. Ingia baa ya mugithi Jumamosi usiku: mtu mmoja, gitaa lake, na kinanda kinachompigia ngoma. Hakuna anayeuliza mpiga ngoma yuko wapi. Watu wameshikana mabega, wamekuwa garimoshi kati ya meza. Mashine haikumpokonya mtu yule muziki wake, ilimfanya awe bendi. Rafiki yangu hudai mugithi ni mambo mengine. Ni mengine kivipi, hajawahi kunieleza.

Na pale pa kukwama ndipo ninapomshindia. Albamu nzima inamhusu mtu anayejiona akibadilika, asijue afurahi au aogope. Kwenye wimbo wa mwisho yeye ni mtu mpya mwenye makosa yaleyale. (Rihanna aliupenda kiasi cha kuuimba kwenye albamu yake ya 2016, muziki akiuacha karibu vilevile.) Sasa, mtu aliyenaswa na tabia yake utamwimbaje kwa gitaa? Mpiga gitaa akirudia kipande unausikia mkono, unachoka, unateleza. Mashine haina huruma hiyo. Inarudia mpaka unajikunja kitini, ndipo mdundo unaachiliwa.

Si kwamba naipenda yote. Kuna wimbo wenye sauti nzito ya kusimulia, huo huwa nauruka bila kujuta.

Mdundo uliporudi, foleni nayo ilikuwa imesogea na gari la nyuma linatupigia honi. Dereva akaongeza sauti, akacheka, akatia gia.

"Lakini hiyo simu," akasema tukipita Prestige, "ipeleke kwa fundi."