Tunalipia Upepo

Bili ya maji imefika. Maji yenyewe bado, lakini bili haijawahi kuyangoja. Ina miguu yake. Imeandikwa uniti saba. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, kwa hivyo nyumba hii imekunywa, imeoga na imefua mitungi 350 katika mwezi ambao mfereji umekuwa ukikohoa tu. Nenda dirishani kwa kampuni ya maji ukalalamike. Utajibiwa kwa upole, "Mita haisemi uongo."

Na kweli haisemi uongo, masikini. Ndani ya mita hizi zetu mna kigurudumu ambacho kazi yake ni kuzunguka kikipitiwa. Kikipitiwa na nini, hilo halikihusu. Bomba likikaa tupu siku kadhaa hujaa hewa. Maji yakifunguliwa huko juu, hewa ndiyo hutangulia, tena kwa kasi kuliko maji, na kigurudumu kinazunguka mpaka kinalia. Tunalipia upepo, jamani, na sisi watu wa pwani, hapa Mombasa, upepo tunao wa bure.

Kinga yake ni rahisi: koki ya karibu na mita usiiache wazi. Ukisikia bomba linanguruma, mwache jirani afungue kwanza, upepo utokee kwake, kisha nawe ufungue polepole. Shida ni kwamba mtaa mzima umeshaijua siri hiyo. Saa tisa usiku watu wamesimama gizani, kila mmoja mkono kwenye koki, na heshima imezidi hata ya harusini: "Tangulia, jirani." "Aa, wewe ndiwe mkubwa, tangulia wewe." Maji yanapita zake yanakwenda mtaa wa pili wasiokuwa na adabu. Dawa hasa ni valvu ya kutoa hewa, ifungwe kwenye bomba kabla ya mita, pale palipoinuka. Lakini kabla ya mita si kwako, ni kwao, na wao valvu hawana, wana bili.

Haya, upepo umekwisha, maji yanatoka. Ya mwanzo yana rangi ya chai ya mkandaa. Hiyo ni kutu ya mabomba ya chuma na tope lililokuwa limetulia humo, sasa limekurupushwa na kasi ya maji. Kutu itaharibu kanzu, tumbo haitalifanya kitu. La kutisha ni lile lisiloonekana. Bomba likiwa na nguvu, ufa wake huvujisha maji nje. Nguvu ikiisha, ufa uleule hunyonya ndani kilichoko nje, na kilichoko nje mnakijua, kwa sababu mtaro mnaupita kila siku mmeziba pua. Halafu kuna bwana aliyefunga pampu yake moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili ayavute kabla ya wenzake. Huyo havuti maji peke yake, anatuvutia mtaro wote. Kwa hivyo maji ya mwanzo kinga kwenye ndoo, yawe ya chooni na kupigia deki. Yakishakuwa meupe, yaache dakika mbili tatu zaidi ndipo uyaelekeze tangini.

Huko yatokako hayana neno. Ya chemchemi ya Mzima ni mvua ya milima ya Chyulu, imechujwa na mawe ya volkeno mpaka ikatokeza Tsavo Magharibi, kisha inateremka zaidi ya kilomita 200 kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, wakati Mombasa ilikuwa na watu wa kuhesabika. Ya Baricho hupampiwa kutoka visima vya kando ya mto Sabaki. Ya Marere yanatoka Shimba Hills. Yote yanaondoka kwao yana heshima zao. Heshima huvuliwa njiani.

Lakini mtu wa Mombasa maji huyapima kwa ulimi. Yakiwa matamu, yamefaulu. Yakiwa ya chumvi, ni ya kuogea. Mtihani umekwisha, na daktari anapanua zahanati. Hata kisima cha uani, mradi kisizidi chumvi, kinaitwa kisima kizuri. Kisiwa hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe lililojaa mianya. Husemwa choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na hiyo ni kwa udongo unaochuja. Mji wa Kale ukipima mita 30 kutoka kisimani umeshaingia sebuleni kwa jirani wa tatu, na vyoo umeviruka vinne. Maji matamu yenyewe yanaelea juu ya maji ya bahari: vuta sana, bahari inapanda. Mwenye nyumba akiona chumvi imeongezeka, ananunua pampu kubwa zaidi.

Sasa katika hali hiyo ndipo alipokuja Jumamosi kijana wa mashine ya kuchuja maji. Shati jeupe, kiatu kimechongoka, tai. Jua la saa saba mchana na tai haijalegea. Shikamoo huku, shikamoo kule, wazee wakamwona ana malezi, wakampa nafasi barazani. Akapanga vitu vyake mezani, akaomba glasi ya maji ya mfereji. Watu wakatazamana. Mfereji upi? Mwisho likapatikana kopo moja kutoka tangi la nyumba ya pembeni.

Akatoa kalamu ya kupimia, akaichovya: 640. Akaichovya kwenye maji ya chupa yake, yaliyotoka kwenye mashine: 14. "Wazee wangu, uchafu mia sita na arubaini!" Baraza zima: "Astaghfirullah!"

Kalamu ile haijui uchafu hata ukiionyesha. Inapima umeme unavyopita majini, halafu inakisia madini yaliyoyeyuka: chokaa, magnesi, chumvi. Kijidudu cha kipindupindu hakiioni. Chukua maji ya mvua, mwache mtoto ajisaidie humo kidogo, kalamu itakuandikia namba ya kufurahisha.

Kijana akaona kimeshika. Akatoa mtambo wenye fimbo nne za chuma, mbili kwa kila glasi, akauliza soketi iko wapi. Umeme ulikuwepo, jambo lililowashangaza watu kuliko kalamu. Waya ukapitishwa dirishani, akawasha, akawaambia watu wahesabu naye. Hawajafika arubaini, maji ya mfereji yakaingia ukijani, yakawa kahawia, kisha povu jeusi juu na tope chini. Ya kwenye chupa yake, meupe vilevile. Mzee mmoja aliyeyanywa maji ya mji huu tangu azaliwe akajishika tumbo. "Hayo ndiyo mnayokunywa," kijana akasema kwa huzuni ya kulipwa. "Mashine ni elfu arubaini na tano tu, na waweza kulipa polepole." Kina mama wakaanza kuulizana zamu ya chama ni ya nani.

Mama wa mahamri alikuwa kimya pembeni, amekodolea macho fimbo. Mtu anayesugua karai kila alfajiri anakijua chuma.

"Mwanangu, hiyo fimbo yako mbona imeliwa?"

"Hapana mamangu, huo ni uchafu umeng'ang'ania."

"Uchafu umeng'ang'ania, na fimbo imekonda? Hebu tia chumvi kidogo kwenye glasi yako hiyo safi."

"Chumvi ya nini tena, mama?"

"Chumvi ya mbaazi. Mbona nakula kila siku, sijafa."

Baraza likashikilia. Kijana akatia kwa ncha ya kidole, akawasha shingo upande. Yale maji safi, yaliyotoka kwenye mashine ya elfu arubaini na tano, yakaingia ukijani, kahawia, meusi, tena kwa haraka kuliko ya mfereji.

Muuza madafu naye akachangamka. "Na dafu je?" Likapasuliwa. Fimbo zikaingia. Tope. "Basi miaka yote hii nauza maji ya choo!" Pale pale yule mzee aliyeshika tumbo akaliachilia, akainuka: "Mimi nina chupa ya Zamzam ndani, aliniletea mwanangu alipohiji. Niilete tuipime?" Kijana akaanza kukunja waya.

Maana ni kwamba tope lile halikuwa majini hata chembe. Umeme hupita palipo na madini. Ukipita, fimbo ya chuma inayeyuka na kugeuka kutu. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme wa maana, basi chuma kinabaki kizima na maji yanabaki meupe. Rudisha chumvi, mchezo unarudi. (Na glasi zile msizitie kidole kujaribu, ni umeme wa ukutani ule.)

Linaloniudhi kupita yote, mashine yenyewe si mbovu! Mwenye kisima cha chumvi hana njia nyingine nyumbani, kwa sababu kuchemsha hakuondoi chumvi: maji yanapungua, chumvi inabaki, unamaliza na supu. Lakini aseme basi ukweli. Mashine hiyo inataka msukumo wa kama baa 3, sawa na tangi lililowekwa mita 30 juu. Tangi lako liko mita tatu juu ya paa la choo. Utanunua pampu. Kwa kila lita moja inayokupa, lita mbili au tatu inazimwaga, katika mji ambao maji tunanunua kwa mtungi. Vichujio vibadilishwe kila miezi 6 hadi 12. Na kile cha makaa hunyonya klorini yote, ile dawa ya kuua vijidudu, kwa hivyo maji yakishatoka pale hayana mlinzi. Yatie kwenye ndoo chafu, kesho yana wakazi.

Kipimo cha haki hakina mbwembwe ndiyo maana hakiletwi na mtu mwenye tai. Kuna kidonge cha kupima klorini: kiponde ndani ya maji, yakigeuka waridi klorini ipo, na mferejini isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kuna na kichupa chenye karatasi ya dawa: jaza maji, kiweke mahali pa joto, na joto tunalo. Kikigeuka cheusi ndani ya siku moja mbili, shuku choo.

Kama huna vyote hivyo, chemsha yatokote barabara dakika moja, yapoe yamefunikwa. Au tia dawa ya maji, ile ya klorini inayouzwa kwa chupa, ya asilimia 1.2: mililita 3 kwa mtungi wa lita 20, maradufu yakiwa na ukungu, kisha ngoja dakika 30. Yakiwa na tope, kwanza yatulize kwa shabu kidogo na uyapitishe kwenye kitambaa, maana tope hula klorini kabla haijawafikia wadudu. Na tafadhali, hizo dakika 30 ni za kungoja kweli. Mtu anatia dawa, dakika ya pili anakamulia ndimu kuondoa harufu. Ndimu imeua dawa, wadudu wamepata sharubati. Wengine wanafukiza ubani kwenye mtungi. Harufu nzuri sana, na vijidudu navyo vinanukia.

Tangi halijaoshwa tangu lipandishwe. Limwage, lisugue bila sabuni, lisuuze, lijaze. Kwa lita 1,000 tia lita moja ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ya asilimia 5 isiyo na manukato, fungua mifereji yote mpaka harufu itoke kila mmoja, funga, acha saa 24, mwaga, jaza upya. Fundi wa kuifanya kazi hiyo atakuja kesho, kesho yake mwenyewe. Na maji ya kujazia, mwenye mkokoteni ukimuuliza amechota wapi, anakutajia mtaa ambao mfereji wake ulikauka kabla yeye hajazaliwa.

Na pipa lifunikwe! Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 chikungunya ilitukunja mji huu mpaka watu wakawa wanashuka ngazi kwa makalio, na mbu wake hataki mtaro, anataka maji safi ya pipa lako. Kutoka yai mpaka mbu ni kama wiki tu, kwa hivyo kila wiki limwage na ulisugue kuta, maana mayai hubandikwa ukutani, kukausha peke yake hakuyaui. Watu wataniambia, kumwaga? Maji? Ndiyo, kumwaga maji uliyoyalipia na upepo wake.

Birika nalo limeota jiwe. Hiyo ni chokaa ya maji magumu, haina madhara ila inakula gesi, maana unachemsha jiwe kwanza ndipo maji. Siki nusu na maji nusu, chemsha, acha saa moja, jiwe linabanduka vipande vipande. Ndimu pia inafaa, ila usithubutu Ramadhani. Tatu shilingi hamsini, na ukimwambia muuzaji hii ngumu anakujibu ati ibingirishe mezani italainika. Nimeibingirisha, ami. Meza ndiyo imelainika.