Usiilazimishe chasisi ya kinanda iwe Fender

Mtu akipata chasisi kuukuu ya kinanda cha Hammond, yaani bati lenye amplifaya yake ya valvu, akataka kuigeuza iwe amplifaya ya gitaa, kitu cha kwanza anachofanya ni kutafuta mchoro wa amplifaya za gitaa za Fender au Marshall. Cha pili ni kushika koleo na kung'oa kila kitu mpaka bati libaki tupu. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba sikupima volti hata moja wakati amplifaya ingali hai. Nikabaki kubahatisha wiki nzima.

Tuseme ukweli: mali iliyomo mle ni transfoma mbili, ya umeme na ya spika. Rezista za zamani zimeshahama thamani zake, kapasita za karatasi zinavuja, na zile kubwa za kuchuja umeme zimekauka. Hizo badilisha bila huruma. Ila transfoma ndizo zenye haki ya kuamua amplifaya itakuwa nini, wala si mchoro ulioupenda.

Kuziuliza si kazi kubwa. Transfoma ya spika ikiwa imetenganishwa na saketi, tia volti 1 ya AC upande wa spika, kisha pima upande wa valvu. Ukipata 32, zidisha 32 kwa 32, halafu kwa omu 8 za spika: ni kama omu 8,000, mzigo unaozifaa vizuri valvu mbili za nguvu aina ya 6V6 au mbili za EL84. Transfoma ya umeme nayo ina mipaka yake. Hita ya 6V6 moja, ule waya wa kuipasha valvu kwa ndani, hula ampea 0.45, ya EL84 hula 0.76, kwa hiyo kubadilisha aina ya valvu kwa sababu tu umeipenda kunaweza kuipasha moto transfoma ambayo haina mbadala. Na kama imetengenezewa umeme wa Marekani, usiichomeke kwenye volti 230.

Hapa niwe mkali kidogo. Kapasita za mle hushika volti 300 na zaidi hata waya ukiwa umechomolewa. Zimwage umeme wake kupitia rezista, kisha pima kabla hujagusa. Waya wa pini mbili utupe, weka wa pini tatu wenye ethi iliyofungwa kwenye bati. Siku ya kuwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya kizamani ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme: ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kuna shoti.

Mbele, pale ishara inapoingia, ndiko unakoweza kucheza. Gitaa linatoa ishara dhaifu kuliko ile amplifaya ya kinanda iliyozoea, kwa hiyo valvu moja ya ziada ya kukuza ishara, aina ya 12AX7, inatosha kulipa sauti. Besi nayo inahitaji kupunguzwa. Kanyagio za kinanda hushuka hadi karibu mitetemo 32 kwa sekunde, ilhali waya mnene wa gitaa unaanzia 82. Ukiacha kapasita kubwa za kupitisha sauti zilizokuwepo, amplifaya itanguruma matope kila ukiiongeza. Nilipoweka za nanofaradi 22, ikafumbuka macho.

Kilichobaki ni mrejesho hasi, ule waya unaorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika hadi hatua za mwanzo za amplifaya. Kinanda kilihitaji usafi, kikarejesha kwa wingi. Wengi huukata moja kwa moja. Mimi nadhani wanaharakisha, maana ule usafi unapendeza sana kwa chodi za taratibu, na hakuna Fender ndogo itakayokupa hivyo hivyo.

(Kinanda kizima kinacholia, tafadhali, kiacheni. Chasisi zilizokwisha tenganishwa zipo.)

Kwangu matundu matatu ya soketi za zamani yalibaki wazi. Mawili nimeyaziba kwa vipande vya bati. La tatu lina swichi ya huo mrejesho.